Mjadala: Jina la William Holden libaki pale Nanyuki?

Mchungulia Dirisha: Jambo wakuu. Juzi nilimsindikiza binti yangu na darasa lao Nanyuki, kwenye kile kituo cha elimu ya wanyamapori kinachoitwa kwa jina la William Holden. Watoto walifurahi, wakaelezwa kwa nini msitu ukikatwa mto nao unakauka, mwalimu wao akapiga picha mpaka simu ikazima. Kwenye basi binti akaniuliza, "Baba, huyo Holden alikuwa daktari wa wanyama?" Nikamwambia hapana, alikuwa mcheza sinema wa Marekani. Akanyamaza kidogo, kisha, "Sasa wanyama walimjuaje?" Mpaka leo sina jibu. Ndiyo maana nauliza: mtu aliyekuja huku mwanzo kuwinda, mwaka 1959 akanunua hoteli chini ya Mlima Kenya na matajiri wenzake wakaigeuza klabu yao, jina lake likae mlangoni pa watoto wetu? Au wakati umefika wa kuweka la mtu wa hapa?

Babu Avalon: Kijana, "mcheza sinema" ndiyo nini? Huyo alikuwa stelingi. Nilimwona mara ya kwanza sinema ya Avalon, Dar, kwenye ile picha ya ghorofa linaloungua moto, The Towering Inferno, na hapo alishazeeka. Alizaliwa 1918 O'Fallon, Illinois, jina lake halisi William Beedle. Mwaka 1939 akapewa Golden Boy, kijana anayepiga fidla huku anapigana ngumi. Studio ikataka kumtimua siku za mwanzo tu, Barbara Stanwyck, ambaye ndiye alikuwa staa, akamkingia kifua na kumfundisha kazi. Mwaka 1950 Sunset Boulevard, pale anapoelea kwenye bwawa la kuogelea na yeye mwenyewe ndiye anayetusimulia. Mwaka 1957 The Bridge on the River Kwai, ambapo alikuwa mjanja kuliko wahasibu: akataka asilimia 10 ya mapato, ila alipwe kidogo kidogo, isizidi dola 50,000 kwa mwaka, ili kodi isimmalize. Ukiniuliza mimi, hesabu ile ndiyo iliyomfikisha Nanyuki.

Kibao cha Mbuzi: Babu shikamoo. Hapo kwenye bwawa umeniacha hoi. Stelingi anakufa kabla picha haijaanza? Mtaani kwetu stelingi hafi, akifa watu wanadai kiingilio chao. Halafu kwenye Kwai anakufa, kwenye The Wild Bunch anakufa. Huyo si stelingi, ni marehemu mwenye mkataba. Oscar najua alipata kwa Kwai, sawa, hongera zake. Ila ndugu zetu wa Nanyuki mtuambie ukweli, klabu ile iliwanufaisha nini zaidi ya kubeba trei na kuinama "Jambo Bwana"?

Babu Avalon: Marahaba. Oscar ya Kwai alichukua Alec Guinness. Holden alipata ya Stalag 17, na hotuba yake haikuzidi asante, muda wa televisheni ulikuwa umekwisha. Usiandike usichokijua.

Karani Mstaafu: Naomba tuangalie mwaka. Mwaka 1959 hali ya hatari ya enzi za Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa, iliondolewa Januari 1960. Nanyuki yote ilikuwa ndani ya nyanda zilizotengewa walowezi. Holden na wenzake, Ray Ryan wa mafuta na Carl Hirschmann wa benki za Uswisi, waliingia sokoni ambako mkulima mweusi wa jirani hakuruhusiwa kukanyaga. Kwa hiyo kuuliza kama aliwapenda wanyama ni kupoteza muda. Naamini aliwapenda. Tuulize alinunua kutoka kwa nani, na ni nani hakuruhusiwa kununua. Ranchi ya wanyama aliyoanzisha Holden baadaye nayo ilikaa juu ya ardhi hiyo hiyo.

Mwana Likii: Kibao, rudia hapo kwenye trei. Rudia polepole. Baba yangu alibeba trei miaka 23 kwenye hoteli moja ya watalii upande wetu. Kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, tarabushi. Kila Jumapili mama aliiloweka ile kanzu na buluu, akaianika peke yake kwenye kamba, na kazi yetu watoto ilikuwa kukaa na fimbo kufukuza kuku wasitimue vumbi. Alibeba sahani nne kwa mkono mmoja na mlango akausukuma kwa kisigino. Trei unayoicheka imesomesha watu sita, wa sita ndiye huyu anayekujibu. Wewe baba yako alibeba nini?

Kibao cha Mbuzi: Tulia kaka. Mzee sikumgusa, nimesema mfumo. Baba yangu alibeba magunia bandarini na akishika mwiko alisema ni wa mama. Nauliza tu, "Jambo Bwana" mzee alisema au hakusema?

Mwana Likii: Umemgusa. Ukisema mfumo kisha ukataja trei, aliyeshika trei ni mtu.

Shemeji Yenu: Popcorn ziko wapi 😂

Bi Mkubwa wa Makadara: Wanangu, mnagombana juu ya neno ambalo hata nyinyi hamlijui. Mwenye uzi mwenyewe kaanza na "Jambo wakuu" kama aliyeshuka melini sasa hivi na kamera shingoni. Mtu huulizwa hujambo, akajibu sijambo. Maana yake huna jambo, nami sina jambo, tumshukuru Mungu. Ukinijia na "jambo" tupu, umeniletea hilo jambo lenyewe mpaka barazani. Bibi yangu angekufungia mlango.

Mchungulia Dirisha: Mama samahani, niliandika nikiwa kwenye matatu. Hujambo?

Bi Mkubwa wa Makadara: Sijambo mwanangu. Waona sasa, ni kazi ngumu?

Mzee wa Virunga: Miye niko Goma. Huku kwetu "jambo" ni salamu ya kila siku, asubuhi na mangaribi, mtu anakujibu "jambo sana" na anapita. Hakuna mtalii, hakuna kamera. Sasa Mama wa Mombasa anasema siye tuko watalii kwetu?

Bi Mkubwa wa Makadara: Ya Goma siigusi, kila ziwa na samaki wake. Nasema ya pwani.

Kibao cha Mbuzi: Wakenya ndio mliouza "jambo" kwa Wazungu, na ule wimbo wa Them Mushrooms mkaupigia muhuri. Bongo hapa ukimwambia mtu "jambo" anakujibu kwa Kiingereza.

Mwana Likii: Nyinyi wa "mambo vipi", "poa kichizi" ndio wa kufundisha watu adabu ya salamu?

Kibao cha Mbuzi: Angalau "mambo" ni wingi, tumekujumlishia. Halafu mbona hamtaji Hollywood wenyewe? Miaka ya mwanzo ya 50 wamemleta Clark Gable huku, wamezunguka Kenya, Uganda na Tanganyika na makamera yao, picha wameiita Mogambo. Bi Mkubwa, hebu tutafsirie Mogambo.

Bi Mkubwa wa Makadara: Halimo. Mgambo nawajua, hao wanaobeba meza za wauza mboga.

Kibao cha Mbuzi: Basi Clark Gable alikuja Kariakoo kufukuza wamachinga. Nimeelewa picha nzima.

Babu Avalon: Mogambo ni picha ya Gable, haina uhusiano na Holden. Holden alipiga The Lion, 1962, na aliipigia huko huko Mlima Kenya. Mnachanganya mafaili.

Mchungulia Dirisha: Wakuu, turudi kwenye mada jamani. Nimesoma zaidi usiku. Ile ranchi ya wanyama Holden aliianzisha na Don Hunt miaka ya 60, Mmarekani mwenzake aliyehamia Kenya. Na mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani wakaletwa hapo hapo. Hilo nalo tulihesabu upande gani?

Kibao cha Mbuzi: Wabongo 18 wamerudishwa? Viza ziliisha au walikamatwa kazini?

Shemeji Yenu: Namfahamu mmoja, alikuwa anaosha magari Houston.

Mchungulia Dirisha: BONGO. Mnyama. Swala mkubwa wa msituni, rangi ya udongo mwekundu, amechorwa mistari myeupe mbavuni kama aliyemwagikiwa chokaa. Bongo wa milimani duniani kote yupo Kenya tu, na porini wamebaki wachache kiasi kwamba darasa la binti yangu likisimama mstari mmoja, hawapishani sana. Waliorudishwa walizaliwa kwenye mabustani ya wanyama ya Marekani.

Kibao cha Mbuzi: Yaani wamezaliwa Marekani, wakarudishwa Afrika bila kuulizwa. Nasema tena, hao ni Wabongo.

Karani Mstaafu: Bado nangoja mtu ajibu habari ya ardhi.

Msumari wa Moto: Mnaongea wanyama na salamu, mmeacha mtu mwenyewe. Huyu bwana alikuwa mlevi. Mwaka 1966 Italia aligonga gari la mwenzake, mtu akafa, mahakama ikampa kifungo cha miezi 8 ambacho hakukaa ndani hata siku moja. Mwisho wake, Novemba 1981, peke yake kwenye nyumba yake Santa Monica, kalewa, kaanguka, siku nne hakuna aliyejua. Huyo ndiye wa kuwekwa mlangoni watoto wasome jina lake?

Babu Avalon: Nimekaa kimya kwenye mengi, hili sikai. Aliteleza kwenye zulia akajigonga kichwa kwenye meza ya kando ya kitanda. Pombe ilikuwepo, sikatai. Lakini mtu unampima kwa zulia? Mwaka 1978 alipanda jukwaani kwenye Oscar pamoja na Barbara Stanwyck, wamepewa kazi ya kusoma washindi tu, akaacha karatasi akawaambia watu wote kwamba bila mwanamke huyu yeye asingekuwepo. Miaka 39 baada ya Golden Boy! Nyinyi nani kati yenu anamkumbuka aliyemfundisha kazi ya kwanza? Alipokufa, miezi michache baadaye Stanwyck alipewa tuzo yake ya heshima, akamtaja Holden na sauti ikamkatika. Mlevi, mlevi. Mna majumba ya serikali yamepewa majina ya watu ambao hata ulevi ungekuwa nafuu.

Msumari wa Moto: Babu, aliyekufa Italia naye alikuwa na mtu wa kumlilia.

Babu Avalon: Hilo sina la kusema.

Shemeji Yenu: Si huyu pia alimsimamia Ronald Reagan harusi? Nilisoma mahali.

Babu Avalon: Ndiyo, 1952, Reagan na Nancy. Holden na mkewe ndio wageni pekee waliokuwepo.

Kibao cha Mbuzi: Basi kesi imekwisha. Tumekula unga wa njano wa msaada wa Marekani enzi za urais wa Reagan, msimamizi wa ndoa naye ajibu.

Mchungulia Dirisha: Mimi nadhani kuna kitu tumekiruka. Kituo hakukiita yeye kwa jina lake. Alikuwa ameshakufa. Ni Stefanie Powers, mwigizaji aliyekuwa na Holden miaka ile ya mwisho, aliyeanzisha taasisi kwa jina lake na kuendeleza kazi. Na uwindaji wenyewe aliuacha mapema, si kwamba alingoja serikali ipige marufuku mwaka 1977. Alikuja kuwinda akaishia kuchunga. Naanza kulegea kwenye swali langu, sijui.

Msumari wa Moto: Kwa hiyo sasa tuite kwa jina la Stefanie?

Bi Mkubwa wa Makadara: Mwiteni mto. Mto Nanyuki haulewi.

Mwana Likii: Bi Mkubwa, ungeuona mto wenyewe wikendi usingesema hivyo.

Mzee wa Virunga: Miye nauliza Mwana Likii. Baba yako alimuona huyu Holden? Alimupa chakula kwa mukono yake? Utuambie alikuwa mutu namna gani, pengine tumalize ugomvi.

Mwana Likii: Hakumwona.

Mzee wa Virunga: Hata mara moja?

Mwana Likii: Mzee alianza kazi 1983. Na hoteli yake si ile, ilikuwa nyingine ndogo, upande wa pili wa mji.

Kibao cha Mbuzi: SUBIRI. Siku mbili umenishikia panga juu ya trei ambayo Holden hakuwahi kuiona?

Mwana Likii: Trei uliyoitukana haikuwa na jina juu yake. Ndiyo maana iliniuma. Lakini sawa, nimempigia mzee sasa hivi nikamsomea nyuzi zenu, amecheka mpaka akakohoa. Anasema wiki ya kwanza kazini mgeni mmoja mzee, mvi tupu, alimwambia "Jambo", yeye akajibu, "Sijambo, shikamoo," kama alivyofunzwa nyumbani, akasimama kungoja marahaba. Mgeni hakuelewa, akadhani anadaiwa hela, akatoa sarafu. Msimamizi akamwita jikoni akamwambia hapa anayesema "Jambo" anajibiwa "Jambo", shikamoo awache getini na baiskeli yake. Amesema jibu la Kibao ni hilo: ndiyo, alisema "Jambo Bwana". Miaka 23.

Bi Mkubwa wa Makadara: Mpe shikamoo yangu.

Mwana Likii: Amesema marahaba, na anauliza wewe ni wa Makadara ipi, ya Mombasa ama ya Nairobi.

Kibao cha Mbuzi: Na yangu mpe. Neno la trei nalifuta. Babu Avalon, hiyo The Lion unayo? Nitumie, nataka kuona kama anamaliza picha akiwa hai.

Babu Avalon: Ninayo kwenye kanda. Una mashine?

Karani Mstaafu: Ardhi, jamani.

Kibao cha Mbuzi: Karani, fungua uzi wako.