Mashine haisomi vidole vya bibi

Assalamu alaikum. Bibi yangu wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, yumo Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya serikali ya Kenya kwa waliotimiza miaka 70. Kasuka ukili maisha yake yote, alama za vidole zimefutika, mashine ya wakala wa malipo haimsomi. Tukienda Amu, mji wa Lamu, ni nauli ya boti, na magoti ndiyo hayo. Tufanyeje?

— Waalaikum salaam. Jaribuni gumba la kushoto, lipanguswe kwanza. Kwa babu lilikubali.

— Gumba ni bahati nasibu! Mwendeeni chifu, au ofisa wa maendeleo ya jamii, aandikishwe mlezi wa kumpokelea. Beba kitambulisho chake na chako.

— Shukran. Ami ataka awe yeye, na yuko Mombasa. Najiandikisha mimi, anune tu.