Dark Sun: kama mwenye mali hataki kuifufua, awaruhusu wengine?

Wakuu, naleta hoja kuhusu Dark Sun, mojawapo ya dunia za kubuni za mchezo nitakaoutaja hapa. Kwa wasiocheza, Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974: mmoja anasimulia, wengine wanabeba wahusika, dadu zinaamua nani kafaulu. Visa hutokea katika dunia za kubuni, na dunia hizo zina mwenyewe. Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, kampuni iliyoutoa mchezo huo, mwaka 1997, nao wakanunuliwa na Hasbro, kampuni ya vichezeo, mwaka 1999. Wao ndio wanaopanga ipi irudi dukani.

Tangu toleo la tano litoke 2014, Ravenloft ilirudi 2016, Eberron 2019, Spelljammer na Dragonlance 2022, Planescape 2023. Dark Sun ya 1991 ikarukwa. Mwaka 2023 Kyle Brink, mmoja wa wasimamizi wa mchezo huo, alieleza kuwa dunia hiyo ina utata mwingi kwa viwango vya sasa. Kubwa ni utumwa: wafalme wachawi wanamiliki watu, na uchawi wao unafyonza uhai wa ardhi hadi imegeuka jangwa.

Kwangu sababu hiyo haitoshi. Sisi wa Dodoma tunaujua ukame. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kuwa maji na chakula vilikuwa mikononi mwao. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watumwa pia. Mchezaji wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anayebembeleza bei ya kunywesha msafara wake kisimani hahitaji kuelezwa nani ana nguvu. Kwa nini hadithi hii tunyimwe sisi ambao ni historia yetu?

Pendekezo langu: asiyetaka kufufua aruhusu wengine waandike na kuuza. Njia ipo. Dungeon Masters Guild, duka la mtandaoni lililoanza 2016, linamruhusu mchezaji kuuza visa vya dunia kama Forgotten Realms au Ravenloft na kugawana mapato na kampuni. Ila kwa kawaida mlango hufunguliwa kwa dunia ambayo kampuni imekwisha kuirudisha yenyewe.

Mchangiaji, Area D, Dodoma: Mtoa mada, mbona umeruka yaliyotokea Spelljammer 2022? Hadozee, viumbe wanaofanana na nyani, waliandikiwa kwamba mchawi aliwateka ili awauze utumwani, kisha wanafunzi wake wakawaokoa. Wasomaji wengi waliona watu weusi wamedhalilishwa, na kampuni ikaomba radhi na kufuta maandishi hayo. Kama wahariri wanaolipwa waliliachia hilo, nani atakagua kazi za kila mtu? Lawama itamrudia mwenye jina.

Mchangiaji, Kikuyu, Dodoma: Mnabishana maadili, mimi naona biashara. TSR ya miaka ya 90 ilitoa dunia nyingi mno, wanunuzi wakagawanyika: mpenzi wa Ravenloft hakununua ya Dark Sun. Siku hizi inarudi dunia inayochomekeka kwenye kisa chochote. Ukungu wa Ravenloft unaweza kumchukua mhusika kutoka popote. Dark Sun haina miungu, chuma ni adimu, uchawi unaua mimea. Nusu ya vitabu ulivyokwisha kununua havifai humo. Nani atatoa kitabu kinachozuia vitabu vyake vingine kuuzika?

Mtoa mada: Wa Kikuyu, hapo umenishika, na nadhani hiyo ndiyo sababu nzito kuliko ile iliyotajwa hadharani. Lakini inanipa nguvu: kama haiwalipi kuitoa, wakituruhusu wanapoteza nini?

Wa Area D, kosa la hadozee halikuwa kuutaja utumwa. Lilikuwa kuwafanya waliotekwa wangoje mkombozi. Katika Dark Sun mtumwa anaweza kuwa ndiye anayemwangusha mfalme, na kisa hicho kinahitaji mwandishi anayejua uzito wake. Waandishi hao hupatikana kampuni ikiuliza. Mwaka 2002 iliualika umma kupendekeza dunia mpya, yakaja mapendekezo zaidi ya 11,000, na la Keith Baker likawa Eberron, iliyotoka 2004. Waulize tena, safari hii kuhusu dunia waliyonayo kabatini. Ukaguzi unaoutaka ufanyike kabla ya kuuzwa, na wakaguzi wasitoke Marekani peke yake. Hilo nalikubali hata kama litachelewesha kazi.