Daktari ameniandikia asilimia 15, meneja ananipa 80,000. Nichukue?

FundiBati:
Wakuu, salamu. Mimi ni fundi wa mabati hapa Changamwe, Mombasa. Mwezi wa nne mashine ya kukunjia bati ilinibana mkono wa kushoto, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mfupa umeunga lakini mkono haugeuki vizuri. Nikirudishiwa chenji dukani siwezi kukinga kiganja, lazima nipokee kwa mkono wa kulia. Daktari ameandika ulemavu wa kudumu asilimia 15. Mshahara wa msingi ni 24,000, nyumba 4,000. Meneja anataka nitie sahihi nichukue 80,000 "tumalizane kiungwana". Shemeji anasema twende kortini, nitapata milioni. Nimsikilize nani?

Mzee_wa_Chama:
Pole sana, kijana wangu. Waache wote wawili kwanza, chukua kalamu. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi miaka mingi, na hiyo karatasi ya kiungwana naijua.

Sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya wanaoumia kazini, inapiga ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96, mara asilimia yako. 24,000 mara 96 ni 2,304,000. Asilimia 15 yake ni 345,600. Sasa itazame tena ile 80,000.

Hapo sijagusa nyumba. Idai iingie kwenye mapato: 28,000 ikikubaliwa, unafika 403,200. Ovataimu ya kila mara nayo huhesabiwa. Ile ya kubahatisha haimo. Kwa hiyo kusanya pesilipu zote.

Gharama za hospitali na malipo ya muda uliokaa nyumbani ni mafungu mengine. Wasikuchanganyie wakaita yote fidia.

Mama Rukia:
Kaka, kampuni iliripoti ajali? Mwajiri ana siku saba tangu apate habari. Kwa mume wangu fomu ililala kwenye droo ya ofisi huku tukiambiwa "iko leba", yaani ofisi ya kazi ya serikali. Nenda mwenyewe ofisi ya usalama na afya kazini uulize faili. Na usizembee, dai lina miezi 12.

Kibwana_K:
Shemeji yako yuko nyuma. Mambo ya kumshtaki mwajiri moja kwa moja kortini kwa ajali ya kazini WIBA imeyafunga, na Mahakama ya Juu ikaikubali sheria hiyo Desemba 2019. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, weka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 60. Jibu lake lisipokuridhisha, ndipo unakata rufaa mahakama ya kazi.

FundiBati:
Asanteni. Mzee, na hii asilimia 15 ndiyo basi? Kukunja bati ni mikono miwili, mmoja unashika, mmoja unapiga.

Mzee_wa_Chama:
Swali zuri, wengi hawaulizi. Jedwali la sheria limeorodhesha viungo na asilimia zake, lakini jeraha likimuumiza mtu kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake, Mkurugenzi anaweza kuipandisha. Hatapandisha asichoambiwa. Mwombe daktari aandike waziwazi: mkono haugeuki, hawezi kushika bati. "Anaendelea vizuri" haikusaidii kitu.

FundiBati:
Meneja amenipigia tena sasa hivi, amefika 120,000.

Mzee_wa_Chama:
Mwambie unasubiri hesabu ya leba. Na ukienda, acha nakala, fomu halisi rudi nayo.