Ziara ya siku moja Luzern kutoka Zürich: ya kuongozwa au tujiendee wenyewe? Mama ana shida ya magoti

BintiMoshi aliuliza:

Habari zenu wakuu. Katikati ya mwezi wa kumi nitakuwa Zürich, Uswisi, na mama yangu, miaka 68. Kwenye tambarare anatembea vizuri tu, ila ngazi nyingi zinamuumiza magoti. Tuna siku moja ya kutembea na tumechagua Luzern, kwa ajili ya ziwa na milima.

Ziara za basi zenye mwongozaji ni nyingi na bei zinapishana sana. Kuna "mji tu", kuna "mji na mlima Pilatus", na nyingine zinaongeza meli. Naomba anayezijua anieleze tofauti yake halisi, mlima upi unamfaa mtu mwenye magoti, na kama siku moja inatosha mji, meli na mlima bila kumchosha mzee. Asanteni.

---

Mpanga_Ratiba:

Karibu dada, na shikamoo kwa mama.

Anza na saa kabla ya bei. Basi kutoka Zürich hadi Luzern linachukua kama saa nzima, na foleni ikikaza inapita. Treni za moja kwa moja kutoka stesheni kuu ya Zürich zipo kila nusu saa, zinatumia kama dakika 45, na zinakushusha hatua chache kutoka gati za meli. Kwa hiyo ziara ya basi haikuuzii usafiri wa haraka. Inakuuzia mtu wa kukuelezea unachokiona na wa kukushikia tiketi, na hivyo ndivyo vya kupima unapolinganisha bei.

Kabla ya kulipa, waulize hivi kwa maandishi: mwongozaji anatembea nasi mjini, au anatushusha na kutuambia turudi saa fulani? Muda wa mji ni dakika ngapi, ukiondoa kituo cha dukani? (Ziara nyingi zinasimama kwenye maduka ya saa na chokoleti karibu na uwanja wa Schwanenplatz mjini Luzern, na "muda huru" wa saa moja na nusu unageuka dakika arobaini.) Tiketi ya mlima imo kwenye bei au inalipiwa pale? Mlima ukifungwa kwa upepo, tunarudishiwa fedha au tunapelekwa kwingine, na ni wapi? Asiyejibu hilo la mwisho waziwazi, mwache. Mwezi wa kumi upepo na ukungu ni mambo ya kawaida kule.

Jambo dogo linalowaponza watu: mabasi mengi huondokea maegesho ya Sihlquai, nyuma ya stesheni kuu ya Zürich, si ndani ya stesheni. Na 08:00 ya kwenye tiketi ni saa mbili yetu ya asubuhi. Basi halisubiri.

Njia ya katikati ipo, na kwa mama ndiyo ningeipendelea: nendeni Luzern kwa treni, kisha mchukue ziara ya mjini tu, ya miguu, na mwongozaji wa hapohapo. Ofisi ya utalii ya Luzern imo ndani ya stesheni, upande wa jukwaa namba 3, na ndiyo inayopanga hizo ziara. Mwongozaji wa mji anajua wapi pana ngazi na wapi pana njia ya kuzizunguka. Wa basi anawaza dereva anaposubiri.

---

Reli_na_Meli:

Mimi nijibu la mlima.

Pilatus ndio jina kubwa, na reli yake inastahili sifa. Ni ya mwaka 1889, kutoka Alpnachstad ufukweni hadi Pilatus Kulm, kituo cha juu, urefu kilomita 4.6, na mahali penye ukali zaidi mwinuko ni asilimia 48. Hakuna reli ya meno kali kuliko hiyo duniani. Reli za meno za kawaida zina gurudumu lililosimama wima na kuuma meno yaliyo katikati ya njia. Kwa mwinuko ule gurudumu lingeweza kupanda juu ya meno na kuchomoka. Mhandisi Eduard Locher akalaza magurudumu mawili ubavu, moja kila upande, yakaubana ule upau wenye meno pande zote mbili. Ukisimama Alpnachstad chungulia katikati ya reli, utauona upau wenyewe umechongwa meno kushoto na kulia kama mgongo wa samaki.

Ila kwa magoti ya mama kuna mambo mawili. Kwanza, behewa na majukwaa yake yamejengwa kwa vidaraja kufuata mwinuko, kwa hiyo kupanda na kushuka ni ngazi. Pili, mzunguko unaouzwa zaidi ni meli hadi Alpnachstad, treni ya meno kwenda juu, kisha kushuka upande wa Kriens kwa kebo (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) na kurudi mjini kwa basi namba 1. Kati ya stesheni ya kebo ya Kriens na kituo cha basi kuna kipande cha kutembea chenye mteremko. Si mbali, ila goti bovu linateseka zaidi kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda. Ziara yenye basi lake inawachukua palepale kwenye kebo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kifurushi cha Pilatus, na mkiamua Pilatus basi chukueni cha aina hiyo.

Kwa mama, nasema mlima Rigi. Ni mita 1,798, mfupi kuliko Pilatus (2,128), na hauna majabali ya kutisha, lakini mandhari yake ya ziwa ni mapana zaidi. Reli ya Vitznau–Rigi ilifunguliwa mwaka 1871, ya kwanza ya meno kupanda mlima katika Ulaya. Mnapanda meli mbele ya stesheni ya Luzern, kama saa moja mpo Vitznau, mnashuka gatini na treni ipo papo hapo ng'ambo ya barabara. Kwenda juu kama nusu saa. Kaeni upande wa kushoto, ziwa litakuwa dirishani kwenu. Kutoka kituo cha juu hadi kileleni kabisa kuna kinjia kikali kifupi. Mama akikiacha hakosi kitu, maana hata kituoni mandhari yamefunguka.

Na hapa ndipo mnapookoa muda: msirudi Luzern. Rigi ina reli ya pili, inayoshuka upande wa pili hadi Arth-Goldau, na pale mnapata treni ya moja kwa moja kurudi Zürich. Mnakuwa mmezunguka duara badala ya kurudia njia. Msishawishike kushuka kwa kebo ya Weggis, kwa sababu kutoka kebo hadi gati ni kuteremka kwa miguu kama robo saa.

Mkipata meli ya mvuke, msikae kitini safari nzima. Ziwa lile lina tano bado zinafanya kazi, kongwe ni Uri ya mwaka 1901. Katikati ya sitaha pameachwa wazi, mnaona injini chini: mikono minene ya chuma inayozungusha ekseli, vikopo vya shaba vya mafuta, joto linapanda usoni na harufu ya mafuta ya moto. Kutoka pale ni hatua chache tu hadi kidirisha cha kuangalia gurudumu la pembeni likichapa maji. Daraja la pili ni sitaha ya chini, la kwanza ni juu, kwa hiyo tiketi ya daraja la pili inamwokoa mama na ngazi.

---

Mwenyeji_wa_Kando:

Niongeze la mjini, maana watu wanaukimbia mji kuwahi mlima, halafu wanarudi wanasema Luzern ni daraja moja.

Sehemu tambarare inatosha saa mbili nzuri. Tokeni stesheni kwa mbele, mtaona tao kubwa la mawe limesimama peke yake uwanjani. Ndilo lililobaki la stesheni ya zamani iliyoungua Februari 1971. Kisha Kapellbrücke, daraja la mbao lenye paa, la karne ya 14. Liliungua usiku wa tarehe 18 Agosti 1993, na picha nyingi za pembetatu zilizokuwa chini ya paa zikateketea. Inueni macho mnapovuka: mahali pengine kuna picha, mahali pengine pametupu, na mbao zilizoungua zinaonekana tofauti na mpya. Mwongozaji asiyewaonyesha hilo hajafanya kazi yake. Mnara wa maji ulio kando, wenye pembe nane, haufunguliwi kwa wageni, msipoteze muda kutafuta mlango.

Fuateni mto Reuss kuelekea Spreuerbrücke, daraja la pili la mbao, ambalo ziara nyingi zinaliruka kwa kuwa liko mbali kidogo na basi. Picha zake ni za Mauti akicheza na watu wa kila cheo, kuanzia mfalme hadi mkulima. Karibu yake kuna kitu cha kuvutia sana kwa anayependa maji: bwawa la karne ya 19 lililotengenezwa kwa nguzo za mbao zilizosimamishwa bega kwa bega mtoni. Ziwa likijaa nguzo zinachomolewa, likipungua zinarudishwa, na kazi hiyo hufanywa kwa mikono. Hivyo ndivyo mji unavyorekebisha kina cha ziwa zima.

Simba wa jiwe (Löwendenkmal) ni kama dakika 10 hadi 15 kwa miguu kutoka Schwanenplatz, kimwinuko kidogo sana. Amechongwa ndani ya mwamba, urefu kama mita 10, kwa kumbukumbu ya askari wa Uswisi waliouawa Paris tarehe 10 Agosti 1792. Nendeni mapema. Kuanzia saa nne asubuhi makundi ya mabasi yanafuatana na mbele ya kidimbwi hapana pa kusimama.

Cha kuacha ni minara ya ukuta wa Musegg. Ni bure na inapendeza, lakini ngazi zake ni kali na nyembamba, haimfai mama. Isikilizeni tu kutoka chini: saa ya Zytturm, mmoja wa minara hiyo, imepewa heshima ya kugonga dakika moja kabla ya saa nyingine zote za mji.

Maji msinunue. Chemchemi za mitaani zinanyweka, isipokuwa zilizoandikwa *Kein Trinkwasser* (si maji ya kunywa). Vyoo vya stesheni hulipiwa. Kwenye meli ni bure, kwa hiyo pangeni hivyo na mzee.

---

BintiMoshi:

Mungu awabariki, nimeelewa sana. Nauliza mawili ya mwisho. Binamu yangu anayeishi Uingereza, ana pasi ya kusafiria ya Kenya na kibali cha ukaazi cha kule, anataka kutufuata Zürich. Anaingia tu? Na tukiamka Zürich kuna ukungu mzito, tuahirishe mlima?

---

Mpanga_Ratiba:

Binamu hawezi kuingia hivyo. Uswisi imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, Uingereza haimo. Kibali cha Uingereza hakimpi mwenye pasi ya Kenya ruhusa ya kuingia, lazima aombe viza ya Schengen kama ninyi, na aombee hukohuko anakoishi. Angekuwa na kibali cha Ujerumani au Uholanzi ingekuwa jambo jingine. Aanze sasa, nafasi za miadi zinajaa.

Tiketi nazo: msinunue Swiss Travel Pass (pasi ya usafiri ya wageni) kwa siku moja, ya chini kabisa ni ya siku 3. Kama mpo siku tatu au zaidi hapo inalipa, maana Rigi na meli vimo kabisa, wakati Pilatus inapunguza nusu tu. Kwa siku moja tafuteni Spartageskarte, tiketi ya kutwa ya bei nafuu. Ukiiwahi mapema inaanzia faranga 52 kwa asiye na kadi ya nusu nauli, na kadiri siku inavyokaribia inapanda. Inabeba treni, meli na mabasi. Za milimani hakikisheni kabla ya kulipa. Lipeni kwa kadi au faranga. Yuro wanapokea sehemu nyingi, ila chenji inarudi kwa faranga na kiwango si kizuri.

---

Reli_na_Meli:

Ukungu wa Zürich usiwarudishe kitandani. Mwezi wa kumi ukungu hutanda chini kama mfuniko, mara nyingi usiozidi mita elfu moja hivi. Mji unaweza kuwa wa kijivu kutwa huku kileleni jua linawaka na mawingu yametandaa chini yenu kama bahari, vilele vya milima vikiwa visiwa. Kuna siku za aina hiyo ambazo mlima ndiyo sehemu pekee yenye jua. Kwa hiyo uamuzi haufanyiki dirishani. Fungueni kamera za mtandaoni za Rigi na za Pilatus saa moja asubuhi. Picha ya juu ikiwa angavu, ondokeni. Ikiwa nyeupe tupu juu na chini, bakini mjini na kwenye meli, na ndiyo maana tiketi ya mlima inunuliwe asubuhi hiyo, si mwezi mmoja kabla.

Cha kuogopa zaidi ni upepo wa kusini, wenyeji wanauita Föhn. Unaleta anga safi ya kuvutia, lakini ukikaza kebo zinasimamishwa. Treni ya meno haisumbuliwi hivyo, sababu nyingine ya kuchagua Rigi kwa reli pande zote mbili.

Ratiba yenu iwe hivi: 08:00 treni kutoka Zürich, mjini hadi 11:30 mkianza na simba, meli ya kuelekea Vitznau karibu na adhuhuri, Rigi Kulm kabla ya 14:00, kukaa juu saa moja na nusu, halafu Arth-Goldau na treni ya Zürich. Ratiba za meli hubadilika kwa misimu na za vuli ni chache kuliko za kiangazi, kwa hiyo angalieni ya siku yenyewe, na muda wa treni ya mwisho ya kushuka muuandike kwenye karatasi mfukoni. Koti lisisahaulike: kutoka ziwani hadi kilele cha Rigi joto linashuka nyuzi 8 au 9, na benchi zuri kuliko yote lipo nje.