Mrejesho: iPod kwenye Probox, mluzi umekwisha

Salaam aleikum. Ni mimi niliyeuliza kwa nini iPod yangu kuukuu (kile kichezea muziki cha mfukoni), niliyoifunga ndani ya dashibodi ya gari langu la Probox na kuiunganisha na redio, hupiga mluzi kila nikikanyaga mafuta. Alhamdulillahi, umekwisha.

Tatizo lilikuwa athi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Kigeuzi kinachoshusha volti 12 za gari kuwa 5 za kuchajia nilikifunga athi kwenye skrubu ya bodi karibu na mlango, ilhali redio ina athi yake nyuma ya dashibodi. Zile mbili zikaunda mzunguko, kelele ya alternata (mtambo unaozalisha umeme injini ikizunguka) ikapita humo hadi kwenye spika. Ndugu aliyeniambia nichomoe chaja kwanza nisikilize, Mungu akulipe: nilipoichomoa, kimya.

Fundi mmoja hapa Malindi alitaka niuze redio ninunue nyingine. Nilikataa. Nimehamishia athi ya kigeuzi pale pale ilipo ya redio, nikakwangua rangi hadi chuma, na fyuzi ndogo nikaiweka karibu na chanzo cha umeme. Jana nimekwenda Watamu na kurudi kwa taarabu, na udi wasikika kila uzi.

Ila nikiegesha juani naichomoa iPod naingia nayo nyumbani. Joto la gari lililofungwa huua betri ya lithiamu, na jua letu mwalijua.