Draiva inakata kona kulia, aironi zinakwenda kushoto: fimbo inatoka nje kuja ndani. Nianzie wapi?

Goti Bovu aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nacheza Lugalo, mkono wa kulia. Gofu nimeianza ukubwani baada ya goti kunifukuza kwenye mpira wa miguu. Handikapu yangu, ile idadi ya mipigo ya nyongeza ninayopewa, ni 24 na imegoma kushuka, na mchawi namjua: draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo. Mpira unaanza kushoto kidogo ya katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi, unanipa matumaini, halafu ukifika juu unakata kona kulia, mitini. Cha ajabu, aironi 9, fimbo fupi ya chuma, haijui kwenda kulia kabisa. Yenyewe inanyoosha kushoto, haipindi popote, inaikosa griini, pale penye shimo, kwa hatua kumi na tano.

Nimejirekodi kwa simu, nimeiegemeza kwenye begi nyuma yangu ikitazama upande mpira unakokwenda. Kupandisha fimbo si kubaya. Balaa linaanza pale inapoanza kushuka: bega la kulia linaruka mbele kuufuata mpira, mikono inalifuata bega, na kichwa cha fimbo kinaukuta mpira kikitokea ng'ambo ya mstari wa shabaha na kukatiza kuja upande wa miguu yangu. Hata makovu ninayoyaacha kwenye nyasi kwa aironi yanatazama kushoto.

Pale uwanjani kila mtu ni daktari. Mmoja kaniambia nilenge kushoto zaidi, nikalenga, kona ikawa kubwa zaidi. Mwingine kasema nisiinue kichwa, kana kwamba kichwa ndicho kinachopiga. Wa tatu kasema nisukume fimbo kwenda kulia, nikaanza kuupiga mpira kwa shingo ya fimbo, unachomoka pembeni mpaka watu wa tii ya jirani, yaani sehemu ya kupigia, wakaomba nihamie mwisho wa mstari.

Mwenye uzoefu anisaidie. Njia ya fimbo inarekebishwaje, na kipi kinatangulia?

---

Bi Mkubwa wa Griini alijibu:

Pole kaka. Mimi kilichonitoa huko ni kofia ya draiva, ule mfuko wa kufunikia kichwa chake, tena haina gharama. Chukua aironi 7, weka mpira chini, halafu iweke kofia upande wa mbali wa mpira, yaani ng'ambo ya mpira ukitazama kutoka ulipo wewe, irudi nyuma kidogo ya mpira kwa kama shubiri moja. Acha nafasi ya kichwa cha fimbo kupita. Ukija kutoka nje utaigonga kofia kabla ya mpira. Ukija kutoka ndani utaikwepa.

Anza nusu swingi, yaani uzungushe fimbo nusu tu, polepole. Usimsikilize anayekwambia uweke tofali au chupa ya maji. Kofia ikigongwa inaruka tu, tofali litakuvunjia fimbo na kifundo cha mkono.

---

Kedi Mstaafu alijibu:

Goti, karibu. Nimebeba mabegi ya watu Arusha tangu nikiwa kijana mdogo, siku hizi nafundisha, na wagonjwa wa aina yako ndio wanaonipa ugali. Nivumilie, nitaandika ndefu.

Dada hapo juu zoezi lake ni zuri na utalifanya, ila si leo. Ukianza nalo leo utaikwepa kofia na mpira utatoka kulia vibaya kuliko sasa. Utaogopa, na kesho utarudi kwenye kuvuta kushoto.

Sababu ni hii. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba mpira unaanza kule fimbo inakopita na unaishia kule uso wa fimbo unakotazama. Rada za kupimia mipira zimekuja zikatuumbua. Mpira unaanza zaidi kule uso unakotazama: takriban asilimia 75 kwa aironi na 85 kwa draiva. Kupinda ndiko kunakotokana na tofauti kati ya uso na njia. Tuchukue draiva yako. Tuseme fimbo inapita nyuzi 6 kushoto ya shabaha, na uso unatazama nyuzi 2 kushoto. Mpira utaanza kushoto kidogo, halafu utapinda kulia, kwa sababu ukiulinganisha na njia, uso uko wazi nyuzi 4, yaani unatazama kulia zaidi. Ndicho hicho ulichoeleza. Kwenye aironi 9 njia ni ileile ya kushoto, ila uso unatazama huko huko njia inakokwenda, basi mpira hauna sababu ya kupinda. Na hata uso ungekuwa wazi kidogo, fimbo fupi ina mlalo mkubwa, yaani uso wake umelala kutazama juu, inaupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na kona inapungua. Draiva yenye mlalo wa nyuzi 10 haimfichii mtu siri.

Hapa sasa ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. Wao wakiona njia mbovu wanatibu njia. Mimi naanza na uso, kwa sababu uso ndio uliozaa njia. Angalia mtu anavyofika hapo ulipo. Siku za mwanzo uso ulikuwa wazi, mpira ukaenda kulia. Jicho likaona, mwili ukajitetea kwa kuvuta kushoto. Kadiri ulivyovuta kushoto ndivyo uso ulivyozidi kuwa wazi kuliko njia, kona ikaongezeka, ukavuta tena. Aliyekwambia ulenge kushoto alichochea kuni. Na yule wa kusukuma kulia alikutaka uupige mpira nje ya ukuta, na mwili wako una akili, ukakataa.

Kwa hiyo mshiko kwanza. Shika aironi 7, usimame kama unataka kupiga, tazama mkono wako wa kushoto. Unaona vifundo vingapi vya vidole? Wenye kona ya kulia wengi huona kimoja. Uzungushe mkono kulia mpaka uone viwili vizuri na cha tatu kinachungulia. Fimbo ilale kwenye vidole, isilale katikati ya kiganja. Mkono wa kulia usikae juu ya fimbo, ukae pembeni, ile V ya kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia. Utajisikia vibaya mno. Piga hivyo hivyo, ukiiachia swingi yako mbovu bila kuigusa. Mipira itakwenda kushoto, mingine itapinda kushoto. Vizuri! Hiyo ndiyo tunayoitaka. Mtu akiona mipira yote inaishia kushoto, mwili unaanza kuitafuta njia ya kulia bila kuambiwa na mtu.

Halafu mabega. Draiva tunauweka mpira mbele, mkabala na kisigino cha kushoto. Mtu anaufuata kwa mkono wa kulia, na mabega yanafunguka kushoto kabla hata hajapandisha fimbo. Miguu imelenga vizuri, yeye anaridhika. Mwambie kedi akulalishie fimbo kifuani, bega kwa bega, ukiwa umesimama tayari kupiga, halafu utazame inaelekea wapi. Dawa yake ni kuinamisha mgongo kulia kidogo ili bega la kulia likae chini kuliko la kushoto. Mabega yatajifunga yenyewe.

Na kwa nini draiva ndiyo mbaya zaidi? Wengi hawalijui hili. Ukipiga aironi unapiga kwenda chini, na kupiga kwenda chini kunaihamisha njia kuelekea kulia kidogo. Ukipiga draiva kwenda juu, njia inahamia kushoto, na kwa fimbo ndefu hivyo, nyuzi 3 za kwenda juu zinaihamisha njia kushoto kwa karibu nyuzi hizo hizo. Swingi ileile, mtu yuleyule, lakini draiva imeshaongezewa deni. Mpira ukiuweka mbele zaidi ya kisigino, deni linakua.

Kabla sijafika kwenye njia yenyewe, nijibu: goti bovu ni la mguu gani?

---

Mkato wa Kulia alijibu:

Mwalimu umeshusha nondo. Lakini mimi nauliza, kona ya kulia ina dhambi gani? Mmarekani Bruce Lietzke kaupindisha mpira kulia maisha yake yote na akashinda mara 13 kwenye PGA Tour, mashindano ya wataalamu ya Marekani. Craig Parry wa Australia, fimbo yake ilishuka kutoka nje kila mtu akiona, na 2004 pale Doral, Florida, akaumaliza mchujo kwa aironi 6 kutoka yadi 176, mpira ukazama shimoni. Ndugu Goti alenge mti wa kushoto aendelee na maisha.

---

Kedi Mstaafu alijibu:

Mkato, hao uso wao ulijua unakotazama kila siku. Njia nyuzi 2 kushoto na uso nyuzi 1 kushoto, huo ni ufundi, mimi mwenyewe nausifu. Nyuzi 6 na uso unaobadilika kila tii, huo ni ugonjwa. Wewe handikapu yako ngapi, kwanza?

---

Mkato wa Kulia alijibu:

Tuendelee na mada.

---

Goti Bovu alijibu:

Hahaha. Mwalimu, shikamoo. Goti ni la kushoto. Daktari alisema naweza kucheza, ila nisilisokote.

---

Kedi Mstaafu alijibu:

Marahaba. Nilihisi hivyo.

Fimbo ikishashika kilele, kinachotakiwa kuanza ni chini: uzito uende mguu wa kushoto, nyonga ifungue, mikono ishuke, mabega yawe ya mwisho kugeuka. Mtu asiyeliamini goti lake la kushoto haupeleki uzito huko. Anabaki nyuma, na kwa kuwa lazima kitu fulani kianze, linaanza bega. Ndiyo video yako hiyo. Kwa hiyo nusu ya kosa lako ni woga wa goti, na hauponi kwa kukemewa.

Fanya hivi. Ufungue unyayo wa kushoto, vidole vitazame kushoto zaidi ya kawaida yako. Goti litasokotwa kidogo sana na nyonga itapata njia ya kufunguka. Mguu wa kulia urudishe nyuma kidogo, upana wa kiatu, mabega yafuate. Pandisha fimbo, kisha ishushe hadi usawa wa kiuno huku mgongo wako bado unatazama shabaha, simama. Rudisha juu, shusha tena, simama. Mara ya tatu pitiliza upige. Ile ya kusimama kiunoni ndiyo yenye faida: itazame fimbo, kichwa chake kiwe nyuma yako, kisiwe kimekwisha kuvuka mbele ya mikono kuelekea mpira. Baada ya hapo ndipo uweke kofia ya Bi Mkubwa.

Na paka chaki kwenye uso wa draiva, ile ya ubaoni, au poda ya mtoto. Piga, utazame alama. Ukija kutoka nje mara nyingi unaupiga kwa kisigino, upande wa shingo. Uso wa draiva umepinda kama tumbo la mtungi, na mpira ukigongwa kisiginoni unaongezewa mzunguko wa kulia hata kama njia yako ni safi. Wako watu wamehangaika na swingi miaka, kumbe wamesimama karibu mno na mpira.

---

Mashoto wa Nyali alijibu:

Salamu kutoka Mombasa. Sisi tupigao kwa mkono wa kushoto twayageuza yote haya, au kuna linalobaki vile vile?

---

Kedi Mstaafu alijibu:

Geuza yote ndugu yangu: kulia iwe kushoto, vifundo uvihesabu mkono wa kulia, unyayo ufungue wa kulia. Chaki ibaki chaki.

---

Goti Bovu alijibu:

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Vifundo nilikuwa naona kimoja, kama ulivyosema. Nilipobadilisha mshiko, jioni ya kwanza mipira yote kushoto, kedi wangu akaniuliza kama nimekula. Chaki ikaonyesha kisigino karibu kila mpigo, nikasogea nyuma upana wa vidole viwili. Unyayo wa kushoto kuufungua ndiko kulikonishangaza kuliko vyote: goti halisemi kitu, na kwa mara ya kwanza nimemaliza swingi nimesimama juu ya mguu wa kushoto bila kuyumba.

Aironi 7 makovu sasa yanatazama kushoto kidogo tu. Kofia ya draiva bado naigonga nikitumia nguvu, polepole naikwepa. Draiva yenyewe mmoja unanyooka, mmoja unakata kona ya zamani, mmoja unakwenda kushoto moja kwa moja.

Tatizo ni Jumamosi. Kuna shindano la klabu na nimeshalipa. Niibebe draiva au niiache?

---

Bi Mkubwa wa Griini alijibu:

Iache kwenye gari. Utatoa tii kwa aironi 5 na utawashangaa wanaokutafuta mitini.

---

Mkato wa Kulia alijibu:

Aibebe! Mtu hajifunzi kuogelea mchangani.

---

Kedi Mstaafu alijibu:

Ibebe, ila kwenye mashimo yenye miti kulia toa wudi namba 3, fimbo fupi kidogo kuliko draiva, ina mlalo zaidi na haitakuadhibu sana. Draiva itumie pale penye feawei pana, na ukiwa juu ya tii fikiria kitu kimoja tu, mgongo utazame shabaha mpaka mikono ianze kushuka. Mshiko usiuguse, hata mpira ukienda kushoto shimo la kwanza, hata kedi wako akikuuliza tena kama umekula. Jumapili weka hapa picha ya chaki.