Naomba ushauri: hadithi nzima kwenye mchoro mmoja

Habari zenu wakuu. Najifunza kuchora, na nimenasa kwenye "Bacchus and Ariadne" ya Titian, mchoraji wa Italia (1520–1523), iliyopo National Gallery, London. Kushoto, mbali baharini, meli ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, inatokomea. Mpenzi wake, binti mfalme Ariadne, kaachwa ufukweni. Bacchus, mungu wa mvinyo, anaruka toka kwenye gari linalovutwa na duma, miguu bado iko hewani! Na juu angani taji la nyota atakalopewa binti huyo limeshawaka. Yaliyopita, yaliyopo na yajayo kwa mpigo, na jicho halipotei.

Wazoefu, mnapangaje matukio hivyo bila vurugu? Mnaanza na tukio kuu au mandhari? Na je, nimsome kwanza Ovid, mshairi wa Kirumi aliyesimulia hadithi hii, au nianze na michoro ya Mfaransa Poussin? Rangi nitahangaika nazo baadaye.